Sisimizi wa Chooni

Mwaka ule wa vita, sukari haionekani Dunda nzima, Mwanvita aliona msururu wa sisimizi ukielekea chooni uani. Ilikuwa Ramadhani. Akajisemea kimoyomoyo: leo nimemkamata. Ndiyo maana mumewe haachi kuingia humo mchana kutwa. Ana halua ameificha, anajilia huku wenzake wamefunga.

Akaingia. Akapekua makuti ya ukuta, akainua kopo la kutawadhia. Hakukuta hata punje ya ufuta.

Sisimizi hawakuwa na habari na ukuta. Walijazana chini mchangani, pale pale mumewe alipotoka kukojoa, wameuzunguka ule unyevu kama watoto kwenye sinia.

Mwanvita akachuchumaa. Sukari itoke wapi kwenye mkojo wa mtu? Akakumbuka kanzu ya mumewe ilivyoanza kumpwaya mabegani, na mtungi anaoumaliza peke yake kila usiku.

"Mwanvita," mumewe akaita kutoka barazani, sauti imemkauka, "magharibi bado tu? Kiu itaniua."

Jua lilikuwa bado juu ya minazi. Mwanvita akachota maji, akaijaza kata pomoni, akampelekea.

"Kunywa, bwana. Mgonjwa hafungi."