Udongo wa Kalimoni

Askari aliokota donge la udongo lililodondoka kutoka kwenye kiatu cha mume wa Nyawira, akalisogeza karibu na macho. "Umetoka wapi asubuhi hii?"

"Kalimoni, kwa mjomba," mume akajibu. "Si unaona udongo wenyewe ni mweusi?"

Nyawira, aliyesimama mlangoni pa chumba chao katika shamba la kahawa la Ruiru, alihisi mtoto akijigeuza tumboni. Yeye alizaliwa chini ya milima ya Nyandarua. Udongo mweusi wa Kalimoni hunata kama ulimbo. Huu ulikuwa mweusi pia, lakini wa miteremko ya msituni kwao, wenye kokoto, usioshika maji, mkavu ingawa mvua ilinyesha usiku kucha. Na tangu serikali ya kikoloni itangaze Hali ya Hatari dhidi ya wapiganaji wa msituni, atokaye huko haulizwi mara mbili kabla ya kupigwa risasi.

"Tutaona," askari akasema, akigeukia pipa la maji. "Wa Kalimoni hushika maji."

Nyawira akamnyang'anya lile donge, akalitia mdomoni.

"Nisamehe, afande. Tangu nipate mimba hii, nikinusa udongo siwezi kujizuia."

Askari akaangua kicheko. "Hata mke wangu! Ukuta wa jikoni ameumaliza!"

Nyawira naye akacheka huku akitafuna. Ndipo kokoto ikalia kati ya magego yake.

Kicheko cha askari kikakatika.

"Mama," akasema polepole, "udongo wa Kalimoni hauna mawe. Hebu fungua mdomo."

Nyawira akameza.