Lugha Mbili kwa Kila Nyumba

Mwikali alirudi kutoka zamu ya hospitali, akaketi kumwandikia mama yake kama alivyofanya kila jioni. Mama hakuweza kuongea kwa simu tangu awe kiziwi, na Kikamba ndiyo lugha pekee aliyojua kusoma. Lakini leo, kwenye kibodi ya simu yake, herufi za Kikamba ĩ na ũ hazikuwepo.

"Kazungu, umefanya nini?"

Mumewe hakuinua macho kutoka kwenye sahani. "Neema wetu anaanza shule, na huko wanataka Kiingereza. Sheria ni lugha mbili tu kwenye simu za kila nyumba, na Kiswahili hatuwezi kukiacha."

"Ukaitoa lugha ya mama yangu bila kuniuliza?"

"Leo ilikuwa siku ya mwisho ya kusajili. Ulikuwa kazini."

"Kila siku niko kazini, na unanipigia kuniuliza chumvi iko wapi! Irudishe."

"Haiwezekani mpaka Neema amalize shule. Miaka minane."

"Mama ana miaka themanini na moja, Kazungu!"

Kazungu aliendelea kula. Mwikali aliandika salamu kwa Kikamba hivyo hivyo, bila zile herufi. Simu ikafuta kila neno, ikaweka Kiswahili sanifu, ikatuma.

Alikuwa bado anamfokea mumewe jibu lilipoingia. Mama, ambaye hakujua Kiswahili hata cha kununulia sukari, alikuwa ameandika: "Ujumbe wako nimeupokea, mwanangu. Niko salama. Huna haja ya kuja."

Mwikali aliusoma mara mbili. Aliyeandika hakuwa mama yake. Akaanza kuvaa viatu aende kwake.