Maboksi Chini ya Dirisha

Hakukataa picha. Muuguzi alikuwa amekwisha kuinua simu na kusogeza bega karibu na bega lake, na kukataa kungeleta maswali.

“Nyumbani hawataniamini,” muuguzi alisema huku akiikagua picha. “Na hongera, kaka. Mastaa wengine wangeshamsahau mtu wao. Wewe kila siku uko hapa kwa mrukaji wako, huyu anayeanguka badala yako kwenye filamu.”

“Ameamkaje?”

“Kanitukana. Kasema supu yetu inafaa kuoshea vidonda. Huyo anapona.”

Aliingia, akaitundika suti nyuma ya mlango ikiwa bado ndani ya mfuko wake, kisha akavuta kiti hadi ubavuni mwa kitanda. Mtu aliyelala pale alikuwa amefungwa bandeji kichwa kizima. Palibaki jicho moja na mdomo. Miguu yote miwili ilikuwa ndani ya plasta ngumu.

“Pacha,” mgonjwa alisema. “Umechelewa. Nilidhani umaarufu umekupanda kichwani.”

“Umaarufu gani, bwana? Foleni tu.”

Waliitana pacha, kwa jinsi walivyofanana, tangu filamu yao ya kwanza, miaka tisa nyuma. Mmoja alitoa uso, mwingine alitoa mifupa, na watazamaji wakapata shujaa mmoja.

“Gazeti umeleta?”

Alileta. Filamu mpya ilikuwa inazinduliwa jioni ileile, na mhakiki aliyeonyeshwa mapema alikuwa ameijazia nusu ukurasa.

“Anza na matusi,” mgonjwa alisema. “Sifa ziwe za kutuliza.”

Akasoma. “‘Hadithi ni nyepesi, ukiipuliza inapeperuka. Maadui wako hamsini, wote wana bunduki, na hakuna hata mmoja anayejua kulenga. Mzigo wote amebebeshwa nyota mmoja. Mwondoe huyo, unabaki na vumbi na magari yanayoungua.’”

Mgonjwa alicheka, kisha akajishika mbavu. “Mwondoe huyo! Huyu mhakiki ana ulimi. Endelea.”

“‘Tena kuanzia katikati nyota wetu amegeuka bubu. Nimeyahesabu maneno yake ya nusu saa ya mwisho. Ni kumi.’”

“Kumi tu?”

“Yalikuwa kumi na moja. Moja wamelikata.”

“Wamekuonea. Haya, sifa.”

Alilisogeza gazeti karibu na macho, ingawa aliona vizuri. “‘Lakini lipo jambo jipya. Miaka yote, kila akiruka, tumekuwa tukionyeshwa kisogo. Safari hii, mwishoni, kamera haikimbii. Anaruka, anaanguka, anainuka, na uso tunauona. Hatimaye tumemwona mwenyewe.’”

Alilikunja gazeti mara mbili, akalikunja tena.

“Hizo ni sifa, pacha. Mbona unasoma kama karani anayesoma hukumu?”

“Kampuni inataka filamu tatu zaidi. Mkataba ninao. Siwezi kuusaini kabla sijakwambia kitu.”

“Sema.”

“Siku ile ulipoanguka, goti langu halikuwa linauma.”

Nje, kitoroli cha dawa kilipita kikilialia.

“Nilipita chini ya dirisha la kurukia asubuhi,” aliendelea, akiitazama plasta kwa sababu jicho lile lilimshinda. “Nikayagusa yale maboksi ya kuangukia. Mstari wa chini wote ulikuwa umenyeshewa. Boksi lililolowa halimpokei mtu, unajua. Linalala tu, unakutana na saruji.”

“Ukamwambia nani?”

“Sikumwambia mtu. Jana yake mwongozaji alikuwa amemfukuza fundi kwa kumchelewesha. Niliogopea ugali— niliogopea kazi yangu. Nikasema goti linauma. Nilijua wangeahirisha hadi kesho, na hadi kesho mtu mwingine angeyaona. Sikujua kwamba wewe ungesimama useme, ‘Basi naruka mimi.’”

“Hata hapo ungeweza kusema.”

“Ningeweza.”

“Ngazi zile zilikuwa ishirini na kitu. Nilizipanda polepole.”

“Nilikuona. Kila ngazi nilifungua mdomo. Nikajiambia labda yatakupokea. Halafu kioo kikavunjika.”

Wino wa gazeti ulikuwa umehamia viganjani mwake. Kwa majuma kumi na mawili alikuja hapa na machungwa, na magazeti, na vichekesho vya kazini, na kila alipotoka aliahidi kwamba kesho angesema. Sasa alikuwa amesema, na kifua hakikuwa chepesi hata kidogo.

Jicho la mgonjwa lilimkazia kwa muda mrefu. Likahamia darini. Likarudi.

“Kukusamehe, bado,” alisema hatimaye. “Labda mwakani. Usinisukume.”

“Sikusukumi. Ila mkataba nauchana.”

“Uuchane, halafu? Miguu yangu itainuka ije ikushukuru? Ukijitoa wewe, tumezikwa wote wawili. Simama, vaa suti, gari lako litakuwa limefika.”

Alivaa akiwa ameupa ukuta uso. Mgonjwa alimwelekeza kutoka kitandani: vuta kola, shusha mkono wa kushoto, si hivyo, bwana, unafunga tai kama unafunga mbuzi. Alitii kila neno. Alipomaliza, alisimama katikati ya chumba na mikono ikining’inia, kama anayesubiri kupimwa.

“Inatosha,” mgonjwa alisema. “Nenda.”

Aliufikia mlango.

“Pacha.”

“Naam.”

“Wapiga picha wakikuita kwa jina langu, usigeuke haraka, mimi hugeuka polepole. Na mama akija kukukumbatia, usimjibu neno. Sauti yangu anaijua.”