Beti ya Nne

Zephaniah alikuwa katikati ya beti ya pili alipomwona baba yake akiingia kwa lango la nyuma, na asingeweza kunyamaza, kwa sababu mayai yalikuwa majini.

Yalikuwa manane, yote ya siku nne, maana yai la leo ganda lake hung'ang'ania kama kupe. Alikuwa ameyatia katika maji baridi na kuyainjika, maji yalipotokota akaiepua sufuria, akaifunika, akaanza kuimba. Beti nne, si zaidi. Wimbo ukikatika, hesabu nayo imekatika: kiini kitabaki uji, au kitazungukwa na ukijani, na leo Bwana Inspekta wa reli alikuwa na wageni watatu mezani. Mpishi aliyemtangulia Zephaniah alifukuzwa kwa kiini cha kijani.

Saa ya ukutani ilikuwa sebuleni, na huko mpishi haketi. Zephaniah alikuwa amejaribu karibu kila wimbo wa kanisani. Baadhi zilikuwa fupi, na nyingine zilimpeleka mbali hata akayasahau mayai. Ni wimbo mmoja tu uliotoa kiini kilichoiva sawasawa, manjano mpaka ukingoni, nao ulikuwa wimbo wa vita wa baba yake.

Hapo ndipo palipokuwa na aibu. Kwa wimbo huo mzee Mwandawiro alikipanda kilima cha Salaita, risasi zikimlilia masikioni, katika vita vile vya Mwingereza na Mjerumani. Kijiji kizima cha Mraru kilijua habari hiyo. Aliwafundisha wanawe jioni baada ya kulima, na hakuwa na mchezo: aliyeukimbiza alipigwa kofi la kisogoni akauanza upya. "Moto umewaka, vijana, kapteni angoja." Walipomuuliza bunduki ilikuwa na uzito gani, aliwaambia waanze tena beti ya kwanza. Na kila alipokaa na watu hakukosa kusema kwamba mwanamume wa nyumba yake hashiki mwiko.

Zephaniah alikuwa na mwaka wa nne sasa akiushika. Alikuja Voi mwaka 1951 kutafuta ukarani wa stesheni, akaanguka mtihani wa hesabu, akajiambia atapika wiki mbili tu huku akitafuta kazi ya maana. Nyumbani aliandika kwamba ukarani ameupata. Barua hiyo ilisomwa kanisani, na mzee Mwandawiro akasimama ili watu wamwone baba yake karani.

Beti ya tatu. Zephaniah alishusha sauti mpaka ikawa mnong'ono. Mzee alikuja pamoja na Ndulu, mchukuzi wa mizigo wa stesheni, aliyekuwa akitembea mbele kwa furaha ya mtu anayetenda wema.

"Zephaniah wa mayai," Ndulu aliita, "nimekuletea mgeni. Alikuwa anatafuta karani wa jina lako, nikamwambia karani kama huyo hatuna, tuko na mpishi."

Hakuwa na ubaya, Ndulu. Alisema hayo, akarudi mbio kuwahi treni ya Mombasa.

Mzee alisimama kizingitini na kofia yake ya vita. Mkononi alishika kikasha chembamba, na ndani yake kalamu ya wino, mpya. Aliitazama aproni ya mwanawe. Akautazama mwiko.

"Niliuza yule mbuzi mweusi," alisema. "Nikaona karani asiandike kwa kalamu ya kuazima."

Zephaniah alinyamaza, na wimbo ukakatikia hapo. Alitamani ardhi ipasuke immeze. Uongo wa ukarani angeweza kuuombea radhi, maana vijana wangapi hawajadanganya? Lakini wimbo ule watu walikufa nao midomoni, naye kwa miaka minne alikuwa akiyaimbia mayai ya Mzungu. Aliona aibu hata ya kuinua uso.

"Nisamehe, Baba," alisema. "Nimekudanganya. Na wimbo wako nimeufanyia mchezo."

Macho ya mzee yalikuwa kwenye sufuria, na aliitazama kama mtu aliyekutana njiani na jirani wa zamani asiyetaka kumwamkia. Akaiweka kalamu mezani. Akavua kofia.

Kisha akaanza kuimba, kwa sauti ya chini, kwa mwendo wake uleule wa pole ambao hakuruhusu mtu auharakishe. Hakuanzia pale mwanawe alipoachia. Aliruka mistari miwili, ile iliyokwisha kupotea katika kimya chao, akaimaliza beti ya tatu, akaingia ya nne. Zephaniah hakuthubutu kumwitikia. Alidhani baba yake anamwonyesha jinsi wimbo wa wanaume unavyoimbwa, na machozi yakamlengalenga.

Neno la mwisho lilipotoka, mzee aliishika sufuria kwa pindo la koti, akamwaga maji ya moto, akamimina ya baridi kutoka mtungini. Alingoja kidogo. Akatoa yai moja, akaligonga upande wa kitako, palipo na hewa, akalibingirisha mezani chini ya kiganja, na ganda likatoka lote kama soksi.

"Beti ya nne usiikimbize," alisema, bila kumtazama mwanawe. "Ukiikimbiza, kapteni hurudisha yai."