Salamu za Baba Debra

Rosa aliinamia hadubini, akafumba jicho moja na kusema, "Baba Debra, umeamkaje?"

Kisha akamgeukia Enos. "Daktari, mbona leo amenenepa?"

Enos hakuwa daktari, alikuwa fundi wa maabara, ila alishachoka kumsahihisha. "Anakula vizuri, Mama Debra," alijibu, macho sakafuni.

Obonyo, mume wa Rosa, alifariki kwa saratani ya damu miaka mitatu iliyopita. Kabla ya kufa alitia sahihi kuruhusu seli zake zikuzwe katika maabara hiyo ndogo ya utafiti, nje kidogo ya Kisumu. Ndani ya seli mna kimeng'enya kiitwacho kinezi, swichi inayoziamuru zigawanyike. Kwa Obonyo, swichi ilikwama ikiwa imewashwa. Watafiti waliirekebisha katika nusu ya seli, nusu nyingine wakaiacha vilevile, ili dawa mpya zijaribiwe kwa zote.

Rosa aliomba kitu kimoja tu: aruhusiwe kuja kumsalimu. Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi alifunga kibanda chake cha samaki kule Otonglo, akaja.

"Zilizorekebishwa ni zipi?"

"Za kushoto."

"Hizo hazifanani naye. Obonyo hakuwahi kutulia hivyo!"

Alicheka. Enos alijaribu kucheka, akashindwa. Mwezi Machi kabati la kukuzia seli liliharibika, seli zote za Obonyo zikafa, na zile za akiba zilizogandishwa zikakataa kuamka. Jumatano iliyofuata Rosa aliingia na samaki aina ya mbuta wa kukaanga ndani ya gazeti, na kabla Enos hajafungua mdomo, akamuuliza kama amekula. Enos, mgane wa makamo, alikuwa hajaulizwa swali hilo kwa miaka. Akaweka seli za mtu mwingine chini ya hadubini, akanyamaza. Sasa ilikuwa Septemba.

"Mwezi ujao nitakuja na Debra," Rosa alisema. Huyo ni binti yake, mwalimu kule Awasi. "Amechoka kusikia habari kwangu tu. Anataka kuona kwa macho yake."

Enos akamsogezea kiti. Kumdanganya mjane kulikuwa kumemnyima usingizi. Mtoto wa marehemu angemtazamaje usoni?

"Mama Debra, keti kwanza."

Rosa aliketi. Enos akamweleza yote: kabati, akiba, miezi sita ya uongo. "Huyo unayemsalimu tangu Machi ni Mzungu fulani, hata mimi simjui. Nilitaka kukuambia. Niliogopa hutarudi tena."

Rosa aliinuka. Alivuta kitambaa akaifunika hadubini taratibu, kama mtu anayefunika chakula.

"Nilijua, Enos," alisema. "Mkurugenzi wenu alinipigia simu Machi hiyohiyo, kunipa pole. Wewe ndiye ambaye Debra anataka kumwona."