Kanga na Barua za Hongera

Kanga alikuwa amechoka, na Kanga akichoka hanyamazi. Kila akifungua barua pepe anakuta, "Hongera, umeshinda gari!" Gari la nini, naye ana mabawa? Akamwita Nungunungu, ambaye akiambiwa jambo hulifanya vilevile lilivyosemwa, akamweka awe kichujio chake.

"Barua yoyote yenye neno hongera, itupe kwenye kapu la taka!"

"Yoyote, dada?"

"Yoyote! Kwani nasema Kichina?"

Usumbufu ukakoma siku hiyohiyo. Kanga akatulia kusubiri jibu la Mbuni, aliyekuwa akitafuta wa kumlindia mayai. Wiki ya kwanza kimya. Ya tatu kimya. "Huyu Mbuni ana dharau!" akawa anamfokea kila mpita njia.

Hatimaye barua ikaingia: "Kanga, nimekuandikia mara nne kwamba kazi umepata, hujibu. Mayai nimemkabidhi Kenge."

Kanga akataka kumrukia Nungunungu, akakumbuka miiba. "Barua nne ziko wapi?"

"Kapuni, dada. Zote zilianza na hongera."

"Na hii je? Mbona umeipitisha?"

"Hii," akajibu Nungunungu, "haikuwa na hongera."