Kakakuona na Kitabu cha Watunzi wa Maajabu

Zamani, wanyama walipokuwa na ofisi nyingi kuliko malisho, Kakakuona alitunga hadithi ya safari ya mwezini. Ili aisimulie ngomani alihitaji muhuri wa Kiboko, Msimamizi wa Hadithi, ambaye alikwisha kumkatalia mara mbili. Aliyekataliwa mara ya tatu hakusimulia tena maisha yake yote.

Basi akatafuta kitabu cha kufundisha watunzi, akakipata, akaanza kukisoma. Komba akamcheka: "Kipaji hakisomwi, mwenzangu!"

Kakakuona akaendelea kusoma: "Ukimrusha samaki angani, sema anapumuaje." Akaiandika hadithi upya.

Kiboko akaisoma, uso umemkunjika. "Kwanza msafiri wako alikaa mwezini mwaka mzima bila tone la maji. Sasa ana vibuyu vitatu, navyo vinapungua. Nimeogopa atakufa!" Akagonga muhuri. Kisha akafunga mlango. "Bibie, nani kakufundisha?"

"Kitabu, mzee."

"Niazime. Nami natunga. Kiboko wa hadithi yangu yuko hewani mwaka wa saba, sijui atatuaje."

Kakakuona akampa.

Ngomani, kabla ya kusimulia, Kakakuona alimshukuru mwandishi wa kitabu kile, asiyemjua hata kwa sura. Aliyepiga makofi kuliko wote ni Msimamizi, ambaye kiboko wake alikuwa ametua salama asubuhi ile.